Impreza Mbili za Noordin

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimerudi kutoka Nairobi. Mgongo umekufa kwa basi. Naandika kwa Kiswahili kama nilivyozoea tangu shule, maana Ilwad mke wangu hakisomi na mabinti bado wadogo.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Alizima taa, akanimulika, akanipima asubuhi nzima. Ugonjwa una jina refu. Nililiandika kiganjani, jasho likalifuta. Maana yake ni fupi: macho yanakufa. Kwanza usiku – huo umeshakwenda, miaka sasa najifanya sipendi kutoka baada ya maghrib. Halafu pembeni. Halafu kunabaki kama mtu anayechungulia kwa bomba. Halafu basi. Dawa hakuna. Miwani haisaidii.

Akaniuliza kama upande wa mama kuna mwanamume aliyepofuka. Nikasema hakuna. Abti Yarrow, kaka yake mama, ana mtoto wa jicho, lakini huo ni uzee tu, nusu ya wazee wa Garissa wako hivyo. Akaniuliza watoto. Mabinti wawili. Akaeleza polepole: wao wataona vizuri, lakini watakuwa wameubeba, na siku moja wanaweza kuwapa watoto wao wa kiume. Nilitingisha kichwa kama mtu anayeelezwa njia ya kwenda stesheni.

Alisema nisiendeshe gari usiku, na baadaye nisiendeshe kabisa. Nikamwambia sina gari. Akacheka, akidhani namtania.

Tulipopita Bangale nilikuwa nimeshaamua. Nitanunua gari. Miaka yote naahirisha – kwanza nyumba, kwanza karo, kwanza kisima cha mama. Sasa nanunua, tena si pikapu ya kubebea mbuzi. Nataka ile niliyoiota tangu chuo: Impreza. Mtu anapofuka, ananunua gari la mbio. Wehu huo, najua. Ilwad sijamwambia chochote, si macho, si gari.

Jumatano, 10 Septemba

Baada ya kazi nilipita yadi ya magari ya Noordin, nyuma ya Soko Mugdi. Anazo mbili! Mwaka mmoja, buluu moja, zote za zamani kidogo lakini safi. Tofauti ni injini. Moja elfu moja mia tano, ya kawaida. Nyingine elfu mbili ya turbo, na lile tundu la kuvutia hewa juu ya boneti.

Noordin anakwenda Nairobi kila wiki, kwa hiyo Kiswahili chake kina kila kitu ndani, na p kwake ni b. "Nunow, skia bro. Hii ndogo ukitia mafuta unasahau. Miaka kumi, kumi na tano, hakuna stori. Hii ya turbo ni ingine. Inakunywa. Inataka oil fizuri. Ukifika, unaiwacha ibumue kwanza ndio unazima. Joto ya hapa haibendi. Lakini ukikanyaga, wallahi, unasahau jina ya baba yako."

Nikaingia ya turbo, nikashika usukani. Nikaingia ndogo, nikashika usukani. Mtu yeyote mwenye akili atachukua ndogo. Lakini hiyo miaka kumi na tano ya kutosumbuliwa, nitamwachia nani? Gari litakuwa zima na mimi nimekwisha. Na ile ya turbo, ikinifia barabarani mwezi wa pili, nitakuwa sina gari, sina macho, na mke wa kumweleza yote mawili kwa mpigo. Nilisimama katikati yao mpaka Noordin akaanza kutafuta kufuli yake.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeswali istikhara siku mbili. Nimemwomba Mungu anichagulie injini! Sijui kama kuna mtu mwingine Garissa hii amewahi kuomba hilo. Sikuota kitu. Moyo haukuelekea kokote.

Baada ya isha msikitini nasubiri watu wote watoke, halafu navaa ndara zilizobaki. Wiki iliyopita zilikuwa za mtu mwingine, kubwa, nikaja nazo nyumbani zikipiga kelele. Ilwad alicheka. Nikacheka naye. Nimechoka kucheka.

Jumapili, 14 Septemba

Leo nimefanya ujinga ambao hata kijana wa kwetu hawezi kufanya.

Kwetu hununui kitu kikubwa bila kumpitia abti, mjomba wako. Unamwambia, "Abti, nanunua gari, niombee kheri." Yeye anasema kheri inshallah, anakupulizia dua, mnakunywa chai, kwisha. Kila mtu anajua ni adabu tu. Mimi nikaketi kwenye mkeka wake kule Bulla Iftin, kichwa kimejaa turbo, na mdomo ukasema, "Abti, kuna mbili. Nichukue ipi?"

Ukishauliza, umempa uamuzi. Neno lake likitoka huwezi kulikanyaga, ni sawa na kumtemea mate mbele ya watu. Nililijua hilo kabla sijafunga mdomo. Abti akaweka kikombe chini taratibu. Aliwahi kuendesha malori ya Liboi, enzi zake, na kwa miaka na miaka hakuna aliyemuuliza habari ya injini. Uso wake ulifurahi mpaka nikaona aibu. Akasema tutakwenda wote Jumanne.

Jumanne, 16 Septemba

Imekwisha. Ni ndogo.

Abti alikuja na miwani yake myeusi, mkono begani kwangu kama kawaida yake. Akizungumzia magari huacha Kisomali na kuingia Kiswahili cha malori. Akasema washa hii. Akasikiliza, kichwa kimeinama. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo. Akanusa moshi. Akasema washa ile. Turbo ikanguruma. Akapitisha vidole kwenye lile tundu la hewa, pole pole, pande zote.

"Zima," akasema. "Hii ni gari ya mtu hana watoto. Chukua ile ndogo. Nunow, utazeeka nayo. Utabeleka wajukuu nayo madrasa."

Noordin akajaribu kutetea turbo kidogo, abti hakumsikia. Akasoma Fatiha juu ya gari dogo, Noordin akaitikia amin, nami nikaitikia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yakaziba. Utazeeka nayo! Ningeweza kumwambia palepale. Ningesema, abti, mimi sizeeki na gari lolote. Lakini nikisema kwa abti, mama anajua kabla ya alasiri, na Ilwad atasikia kwa jirani.

Nilimwomba Noordin siku chache. Akashangaa, maana gari limeshasomewa.

Jumatano, 17 Septemba

Ofisi ya mifugo, mafaili, chanjo za Hulugho, joto. Kuna mwenzangu alipita kulia kwangu akanisalimu, sikumwona. Amekwenda kusema nimeanza kuringa.

Sitaki gari. Sitaki kitu.

Ijumaa, 19 Septemba

Nataka kuandika hili leo.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikwenda kwa abti. Nilikusudia kumwambia tu kwamba nataka turbo na anisamehe. Nikajikuta nimesema yote. Daktari, usiku, pembeni, bomba. Nikasema ndogo ni gari la mtu mwenye miaka mingi mbele, na mimi sinayo.

Abti akavua miwani, akajifuta uso. Akaanza kwa Kisomali, lakini alipofika kwenye lori akaingia Kiswahili chake.

"Mimi nilikuwa arobaini na moja. Tunatoka Liboi, jua inaenda chini. Nikaona barabara imeisha. Haikuisha, ni macho. Nikasimamisha lori, nikabea dereva mwenzangu sukani, nikamwambia tumbo inaniuma." Akarudisha miwani machoni. "Hiyo tumbo inaniuma mbaka leo."

Hakuna mtoto wa jicho. Hakujawahi kuwa na mtoto wa jicho! Kila wakija madaktari wa macho wa bure, ukoo mzima unamsihi akafanyiwe upasuaji, anakataa, na sisi tunamcheka kwamba lori hakuliogopa lakini kisu anakiogopa. Ule mkono begani tulidhani ni heshima. Anaona mwanga wa mlango tu. Na mimi nilimwambia daktari hakuna.

Kuhusu mimi alijua tangu harusi ya dada yangu Sahra. Nilimmiminia chai kando ya kikombe, ikamwagikia mkono. Mkono uliungua na hakusema kitu.

Nikamuuliza, sasa kama alijua, kwa nini akanichagulia gari la kuzeeka nalo.

"Wewe ulisikia shauri," akasema. "Mimi nilikuwa naomba."

Nililia mbele yake kama mtoto. Halafu nikakasirika, na bado nimekasirika. Amekaa na jambo hili muda wote huo akilitafuna peke yake. Angeniambia nikiwa na miaka ishirini, ningeendesha kila gari lililonipita. Labda nisingeoa. Labda nisingezaa. Nimeandika hilo na nimelichukia, mabinti wangu wako chumba cha pili wanagombania kitana.

Nilipokuwa natoka alisema neno lake amelirudisha. Nichague mwenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimemwambia Ilwad. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia.

"Na wasichana?" akauliza.

Nikamweleza. Akarudia kuchambua mchele uleule uliokwisha kuwa safi. Kuhusu gari hakusema ndiyo wala hapana.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimenunua ya turbo.

Noordin alinikumbatia. Nikavuka daraja, askari wa kizuizi wakachungulia ndani wakasema mashallah, nikapita Madogo, nikashika barabara ya Bangale. Jua la saa nne, lami nyeupe, hakuna kitu mbele. Nikakanyaga.

Noordin hakudanganya. Kwanza injini inasita, kana kwamba inafikiri. Halafu turbo inashika na mgongo unabanwa kwenye kiti, na mshale unapanda, na vichaka vinakuwa ukuta mmoja. Nilipiga kelele. Mimi, baba wa watu, mtumishi wa serikali! Kwa muda ule sikuwa mgonjwa. Nilikuwa napita mbele ya kila kitu kinachonifuata.

Ngamia alitoka kulia. Si usiku, si magharibi – saa nne ya asubuhi, jua kichwani. Ngamia mzima, na sikumwona mpaka alipokuwa katikati ya boneti. Nilikata kushoto, nikaingia mchangani, gari likayumba likasimama lenyewe. Ngamia akaendelea na safari yake. Nyuma yake kulikuwa na mchungaji, mwanamke, amesimama ukingoni, mkono kifuani. Alikuwa karibu sana na lami. Yeye pia sikumwona.

Sikushuka. Niliiacha injini ipumue kama nilivyoagizwa, nikasikiliza. Daktari aliposema pembeni, nilidhani ni jambo la miaka ijayo. Limeshafika. Limefika bila kubisha hodi, nami nilikuwa nalizungusha kwenye yadi nikichagua ipi inadumu, ipi haidumu.

Nilirudi mjini polepole, bodaboda zote zikinipita.

Alhamisi, 25 Septemba

Gari liko uani, nimelifunika turubai. Watu wanakuja kupongeza. Wanaulizia nitawapeleka lini Sangailu kwa mazishi, kwa harusi, kwa mbuzi. Nawaambia inshallah. Wanasema nimepata pesa nikawa bahili.

Ilwad anaosha vyombo kwa nguvu. Tangu Jumatatu anataka kujua mchanga ule kwenye matairi ni wa wapi. Jana nilimwambia. Alikaa chini. Akasema niuze. Nikasema nitauza. Usiku akasema, basi ngoja kwanza. Sikumuuliza kwa nini.

Jumamosi, 27 Septemba

Asubuhi hii sikutaka kuamka. Nililala nikitazama dari na kulipima kwa jicho: naona taa, sioni kona. Nikajaribu jicho la pili. Vilevile. Nitakuwa nafanya hivi kila asubuhi sasa, nikikagua kilichobaki, mpaka siku taa nayo isipokuwepo. Sijui mtu anaishi vipi ndani ya hilo. Abti ameishi, lakini kwa kudanganya kila mtu, na mimi sina nguvu hata ya kudanganya.

Abti amekuja. Nasikia sauti yake uani. Amepanda bodaboda kutoka Bulla Iftin, peke yake! Naandika hapa chumbani ili nisitoke kumlaki. Ilwad anamkaribisha chai, anakataa. Anauliza gari liko wapi. Nasikia turubai linavutwa. Ni Ilwad analivuta, abti hawezi.

Sasa mlango wa gari. Ule wa kulia, naujua mlio wake.

Ilwad amekuja kunisimamia mlangoni, mikono ina povu la sabuni. Anasema abti amekaa kwenye kiti cha dereva. Nikasema anataka kusikia injini tu, atashuka. Akasema hapana, amesogeza kiti nyuma, amepapasa gia zote moja moja, na sasa amefunga mkanda. Anataka ufunguo.

Nikamwambia Ilwad, mwambie hapana. Akasema nimwambie mwenyewe. Nyuma ya nyumba yetu hakuna nyumba nyingine, ni uwanda mtupu hadi vichakani, na leo hata mbuzi hawapo. Ilwad anasema abti anajua hilo, ameshamuuliza yeye kuna nini huko.

Abti ananiita. Haniiti kwa hasira. Anasema nikae kushoto kwake, niwe namwambia mbele kuna nini.

Ilwad ameondoka mlangoni. Nilidhani amerudi kwenye vyombo. Ni geti la nyuma ninalolisikia, analifungua, upande mmoja, halafu wa pili.