Mkimbiaji Asiyemaliza

Kapseret, 3 Machi 2025

Chebet mama,

Baridi ya Kaptagat haijakumaliza? Huku ng'ombe wazima, mimi nusu. Kwa vile kocha wenu amefungia simu zenu kabatini mpaka Pasaka, nampa Austine wa pikipiki barua hii pamoja na maziwa ya kambi yenu. Ikilowa maziwa, laumu matuta.

Habari ni chache. Kwaya nimeacha, besi yangu ilikuwa inaamsha waliolala tu. Ile kesi ya ua wa mpakani na jirani yetu Mukhwana nimeiondoa kwa chifu. Pia dawa ya saratani nimeiacha. Hiyo dripu inanitapisha mpaka ndama ananionea huruma. Usilie, utalegea miguu.

Babako,
Gerishon

Kaptagat, 6 Machi

Baba,

Nakusalimu kwa heshima. Sisi tuko sawa, ni kukimbia, ugali na kulala.

La dawa umelificha chini ya kwaya na ua kama mtu anaficha nyama chini ya sukuma wiki. Nimeliona! Rudi hospitali, tafadhali. Daktari alisema dripu zikikatizwa, ugonjwa unapata nafasi. Ua mwachie Mukhwana. Hili usiache.

Mwanao,
Chebet

Kapseret, 14 Machi

Mama,

Salamu nyingi. Eti nani ananiambia nisiache? Si wewe unalipwa uwavute wenzako kwa kasi hadi katikati ya mbio, kisha utoke kando ushike chupa ya maji? Kanisani wakiuliza umekuwa namba ngapi, najifanya nakohoa.

Haya, tupatane. Siku utakayomaliza mbio, narudi kwa dripu. Hapo niko salama, nakujua.

Babako

Kaptagat, 7 Aprili

Baba,

Uko aje? Mbona kimya? Austine anasema siku hizi huji langoni na mitungi ya maziwa.

Jana kwa mbio za mjini nilifika pale pa kutoka, mwenye bendera akanipungia. Sikutoka. Wote niliowavuta wakanipita, nikatapika kando ya barabara, nikaendelea. Wa kumi na moja. Meneja amekasirika, hataniita tena. Miguu imekaza, hata ngazi siwezi kushuka.

Nimemaliza, Baba. Sasa ni wewe.

Mwanao

Kapseret, 11 Aprili

Chebet mama,

Pole na miguu. Barua yako nimeisoma kitandani, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Wa kumi na moja! Sasa wakiuliza, nitajibu bila kukohoa.

Ahadi nimetimiza. Mukhwana, huyo huyo wa ua, alinipeleka mjini kwa gari lake. Nilikalia kiti cha dripu mwenyewe, nikakunja mkono wa shati. Daktari akaangalia picha, akaniambia niinuke. Ugonjwa umeenda mbali. Dawa itanitesa bure. Kwa hivyo ujue, safari hii si mimi nimeacha.

Miguu ikilegea, njoo. Usingoje Pasaka. Kipande kilichobaki nivute, ukae mbele kidogo nikuone mgongo. Halafu ukipungiwa bendera, utoke kando. Safari hii usibishe, mama. Kazi hiyo unaijua.

Babako