Vunjajungu wa Upande wa Kushoto

Dada yangu mpendwa,

Salamu tele zikufikie wewe, shemeji na wanangu wote. Goti lako linasemaje? Mimi mzima, ila mashati yangu yanazidi kupungua kila yakifuliwa.

Kwa heshima na taadhima, tafuta kiti kabla ya kuendelea. Kuanzia Jumatatu iliyopita, mdogo wako ameteuliwa rasmi kuwa Mvishaji Mkuu wa Miwani ya Wadudu. Usicheke. Nimepewa na kiti cha ofisi chenye magurudumu, cha kuzunguka nacho chumba kizima.

Unajua kwamba pale maabara nalisha vunjajungu. Daktari wetu, binti mdogo kuliko kifungua mimba wako, anachunguza jinsi mdudu huyo anavyolenga windo. Vunjajungu ana maringo, dada. Nzi akitulia tuli mbele yake, anamwangalia kama ukuta. Nzi akisogeza mguu tu, kichwa kinageuka, macho yote mawili yanamkazia, na akifika karibu, mikono inafyatuka kabla hujapepesa. Daktari anasema ni yale macho mawili, yakilinganisha yanachoona, yanayompa umbali. Ili kuhakikisha, tunambandikia vioo vidogo vya rangi mbili kwa nta, kila jicho lione picha yake, kisha tunamwonyesha vidoa vinavyotembea kwenye skrini, tuone kama atavirukia. Akivaa, utadhani ni yule mwalimu wetu wa hesabu.

Kabla ya cheo hiki nilikuwa mhesabu. Mbele yangu visanduku viwili vya kioo, kimoja kushoto, kimoja kulia, kila kimoja na vunjajungu wake. Nzi wanaachiliwa, nami naweka alama kila mdudu anapopiga. Sharti ni moja: usigeuze kichwa wala macho. Ukijitingisha, wale wadudu wanaacha windo wanakutazama wewe. Kwa hiyo nilikazia macho msumari wa ukutani, katikati, nikawanasa wote wawili kwa pembe za macho.

Wa kulia alipiga kama bondia. Wa kushoto, kwenye daftari langu, alikuwa amelala. Daktari akabadilisha mdudu. Wapi! Akabadilisha kisanduku, akasogeza taa. Wapi! Mimi nikajitia mtaalamu, nikamwambia wadudu wa siku hizi hawana adabu ya kazi. Mwishowe akaweka kamera. Kamera ikaonyesha kwamba wa kushoto alikuwa akipiga sawasawa na mwenzake, siku zote.

Binti yule hakunigombeza. Alifunga mlango, akaniomba nisimkasirikie, akaniambia mzee wangu, tazama msumari wako, kisha akauliza kama nauona mkono wake upande wangu wa kushoto. Nikamjibu kwa utani kwamba hajanyoosha mkono. Alikuwa ameunyoosha, dada, na alikuwa akiupunga.

Alinipeleka mwenyewe hospitali ya macho. Ni presha ya macho, ile ile iliyompofusha mama. Kilichokwishapotea hakirudi. Matone ninayotia asubuhi na jioni yanalinda kilichobaki. Mbele ya pua bado naona vizuri, na kuvisha miwani ni kazi ya mbele ya pua. Ndipo Daktari akanitafutia cheo.

Sasa nikwambie ukweli wote. Haya hayakutokea wiki iliyopita. Hospitali nilikwenda Februari, na miezi hii mitano nilikuwa nikijifunza kazi mpya. Siku ile ile tabibu aliniambia ugonjwa huu hutembea ndani ya familia, niwaambie ndugu zangu wapimwe mara moja, kwani ukiwahiwa macho hubaki. Nikaitikia. Tangu hapo umenipigia simu mara tatu, nami nikakusimulia mvua na magoli.

Nilijidanganya kwamba nakuhurumia. Mama alipopofuka, wewe ndiye uliyeacha cherehani ukamshika mkono. Nikasema ukisikia, utafunga mzigo uje unishike na mimi. Lakini sivyo. Niliogopa upimwe, ukutwe nao, na niwe mimi niliyekuletea habari hiyo. Miezi mitano ya macho yako nimeichezea kwa woga wangu. Nisamehe, dada.

Nenda wiki hii. Usiniambie unaona vizuri. Mimi sikusikia maumivu, wala sikuona giza lolote. Upande wa kushoto haukuwa mweusi. Haukuwepo tu, nami nikadhani dunia ndiyo imeishia pale.

Mwambie shemeji akusindikize, na wanangu wapimwe pia. Ukitoka huko nipigie unitukane unavyotaka. Sitataja mvua.

Wakumbatie wote kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kibonge