Programu Isiyo na Karatasi Ukutani

Jumatatu, 3 Novemba
Umeme umekatika kabla chai haijachemka. Nimetoka hivyohivyo kwenda mtaa wa Katuba kwa Maman Kapinga, kuangalia programu yetu ya hesabu inavyokwenda katika duka lake la dawa. Kila mwanzo wa mwezi napita kwake. Leo nimekuta kompyuta imefunikwa kitenge kama maiti. Mwenyewe anaandika dawa kwenye daftari, haniangalii.

Kumbe alipata mgeni. Wakala wa kampuni moja ya mjini, viatu vinang'aa. Amemwambia programu anayotumia haina leseni, kwa hiyo ni ya wizi, na wakaguzi wakija watafunga duka. Yeye anauza ile yenye leseni. Atarudi kuchukua jibu.

"Mi niko mujane, Béa. Siwezi kuingia mu maneno ya serikali."

Wizi! Programu tuliyoiandika wenyewe, mimi na Ilunga, tukiwa wanafunzi pale chuoni Kasapa. Tukawapa wenye maduka bure. Nimerudi nyumbani nimefura.

Jumanne, 4 Novemba
Nimesoma sheria tangu asubuhi. Hasira imezidi, maana yule mwongo hakudanganya yote. Sisi tuliiweka programu kwenye mtandao, tukaandika "ni ya bure", basi. Leseni hatukuchagua. Na kisheria kazi isiyo na leseni ni ya walioiandika tu. Mwingine hana ruhusa. Maman Kapinga hana ruhusa!

Na mji huu ni wa karatasi. Patente ya biashara ukutani, kibali ukutani, risiti ya kodi ukutani. Mkaguzi akiingia haangalii dawa, anaangalia ukuta. Wakala anajua hilo vizuri sana. Ndiyo maana watu wazima wanamtetemekea.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekwenda kwa jirani yake Maman Kapinga, mwenye duka la dawa pia, aliyekwisha kununua ya kampuni. Wakala alikuwa palepale, anamfundisha. Nikajifanya mteja.

Ni yetu. Rangi mpya, nembo mpya, mengine yote ni yetu. Umeme ukakatika, ukarudi, na kioo kikaandika: "Courant imerudia. Tulibakia wapi?" Sentensi yangu! Niliiandika mwenyewe, kwa Kiswahili cha nyumbani. Hata kuifuta hawakujisumbua.

Halafu likaja baya zaidi. Kwetu umeme ukikatika, dawa ya mwisho kuuzwa hupotea kwenye hesabu. Ilunga ametafuta kasoro hiyo miaka, hajaipata. Kwao haikupotea kitu. Wameipata, wameirekebisha, wameficha. Nikamuuliza wakala wamefanyaje.

"Secret ya maison, mademoiselle."

Siri ya kampuni, eti. Akacheka. Nilitamani kumpiga na kiti.

Ijumaa, 7 Novemba
Ilunga yuko Mitwaba, analima shamba la baba yake. Mtandao anaupata kwa bahati. Lakini programu ni yetu wote wawili, bila yeye siwezi kuchagua leseni. Leo amepiga simu mwenyewe.

Nimemwekea leseni mbili mezani. Ya kwanza inasema: chukua, badilisha, uza, na ukitaka kuficha ulichobadilisha ni juu yako. Ya pili inasema: chukua, badilisha, uza, ila unayempa programu umpe na mabadiliko yako, wazi, kwa masharti haya haya. Mimi nataka ya pili. Yeye anataka ya kwanza. Eti ya pili inafukuza makampuni.

"Yaya, dada yangu, acha bantu bakamate, batumie. Itafika mbali."

Imeshafika mbali! Imefika mfukoni mwa wakala. Nimemkatia simu kabla hata sijamweleza habari ya kasoro. Mpumbavu yeye, mpumbavu mimi.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua. Kanisani sikusikia mahubiri hata neno moja.

Ilunga amepiga tena. Safari hii nimemweleza: wameipata ile kasoro, na hawataki kusema. Nikasikia mbuzi upande wake. Akauliza kama nimeona kwa macho yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Kisha akatoa tusi la Kiluba ambalo hata hapa siliandiki.

"Weka ile ya pili. Na jina yangu itangulie."

Kilichomuuma si Maman Kapinga, ni kasoro aliyoshindwa kuipata. Nimekasirika kwa hilo pia. Lakini nimelichukua jibu.

Jumatatu, 10 Novemba
Leseni imewekwa. Majina mawili, la Ilunga mbele. Nimeiandikia kampuni: fungueni mlichobadilisha, au toeni kazi yetu ndani ya bidhaa yenu. Hawajajibu. Wana wanasheria, mimi nina printa ya kuazima. Bado nawaka.

Jumatano, 12 Novemba
Nimempelekea Maman Kapinga karatasi. Nikamsomea polepole, nikigeuza kwa Kiswahili. Unaruhusiwa kutumia. Kunakili. Kubadilisha. Kumpa jirani. Ukifuata masharti, hakuna wa kukunyang'anya ruhusa hii.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Cachet iko wapi?"

Nikamweleza kwamba leseni za namna hii hazina muhuri, popote duniani. Akatikisa kichwa. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga.

Kisha akauliza kama ruhusa hii ni yake kweli, hata ya kumpa mwingine. Nikasema ni yake.

Akafungua droo, akatoa muhuri wa duka lake mwenyewe. Akaupulizia pumzi, akaugonga chini ya majina yetu. Mara moja haukutoka vizuri, akarudia. Akaibandika karatasi ukutani, kando ya patente.

Halafu akaondoa kitenge, akakikunja. Kompyuta ikawaka, ikauliza tulibakia wapi. Maman Kapinga akavaa miwani, akafungua daftari, akaanza kuingiza dawa alizouza siku zile zote alipokuwa anaogopa.