Ugali Uliolala

Jumatano, Manyatta

Ugali wa jana hauitwi kiporo. Mama ndiye aliyesema hivyo asubuhi, jikoni kwake Dunga. Kwa lugha yetu unaitwa kuon monindo, ugali uliolala. Nilimwuliza kwa ajili ya safu yangu ya maneno ya vyakula, basi.

"Kwa nini usiseme umebaki?"

"Ukisema umebaki, kuna mtu hakula. Huu umelala. Kilicholala huamshwa."

"Na nani?"

"Na mwenyewe. Wewe mtu wa gazeti, maswali mengi kama polisi!" Akacheka, akafunua sahani.

Ni sahani ya ndugu yangu Ouma. Tangu azame ziwani, Mama humfunikia ugali kila jioni. Hilo nalijua. Nilidhani asubuhi huwapa kuku.

Ugali ulikuwa umemegwa upande wa kushoto, alama za vidole zikionekana wazi. Mama hula kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umefungwa bendeji hadi vidoleni tangu Jumapili. Ouma alikuwa mashoto. Nilipofika, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani.

Huenda Mama huamka usiku, akala, akasahau. Hilo ndilo ninaloliamini. Hawezi tena kuishi peke yake. Na kama si yeye...

Amekubali kuhamia kwangu kwa sharti moja: niandike kwenye karatasi njia ya kufika hapa Manyatta, niiache chini ya ile sahani.

Niliandika, kwa herufi kubwa. Pikapu inakuja Jumamosi saa tatu.