Zamu ya Nasur

Khadija, usicheke kwanza.

Unajua vile nimemsihi Nasur tangu arudi kutoka vitani Somalia, twende pamoja Jinja kwa Topista, yule mama wa tiba ya sindano za Kichina anayesaidia wanaotafuta mimba. Leo amekubali. Tumetoka Mbale alfajiri.

Mimi nikachomwa zangu, nikatulia. Topista akasema na mume alale, mwili umemkakamaa.

Sindano ya kwanza tu, Nasur akamkamata mkono mama wa watu. "Weka chini." Kwa sauti ile ya jeshi.

Eti "Weka chini", Khadija. Sindano nyembamba kama unywele. Nilitamani ardhi inimeze.

Si unajua usingizi umemkataa. Usiku kucha anakaa mlangoni, analinda nyumba isiyo na adui. Nimembembeleza mpaka maneno yameniisha. Basi leo nikamwambia kama mkubwa wake: "Askari, zamu yako imeisha. Nimeipokea mimi."

Akaachia mkono. Akalala chali kama alivyoagizwa, Topista akaendelea.

Sasa anakoroma, sindano zimemsimama miguuni.

Nilikuja kutafuta mtoto mimi. Topista anataka kufunga kliniki, nimemwambia asimguse Nasur.

Usinipigie simu. Niko zamu.