Kisigino cha Glorious

Lipingo

Baba Glorious,

Huku hatujambo, ila ziwa limechafuka na dagaa usipa wamepungua sokoni. Wiki uliyoondoka kwenda Maguu kuchuma kahawa, nilimpeleka mwanao hospitali Mbinga. Daktari alimbonyeza kisigino, akasema, "Mama, huyu si mvivu. Mfupa wake unakua, na kukimbia kunauumiza. Aache mbio kwa muda, umkande kwa maji baridi, anyooshe misuli ya miguu, avae viatu laini. Atapona."

Kisha akaona alama za fimbo mapajani, akauliza ni za nini. Glorious akajibu mwenyewe, "Baba alinichapa kwa kuchechemea kwenye mashindano."

Sasa anatembea vizuri. Jana nilimwambia unarudi. Alikusanya nguo zake, akaomba akakae kwa bibi yake. Nimemruhusu.

Mkeo,
Winifrida