Ratli na Kilo za Mjomba Evelio

Jumatatu, 4 Machi 2019
Nondo zote za kushikia daraja, zilizopachikwa mwambani, tumezivuta kwa winchi kuzijaribu. Mwamba haukutikisika. Mjomba Evelio, fundi mkuu, akaibusu winchi. Jumapili watu wa La Vuelta, kijiji cha ng'ambo, watavuka mto kwa miguu — kwaheri kuning'inia kwenye kapi la kamba juu ya maji. Padri kashaambiwa. Ng'ambo wanachinja nguruwe.
Mjomba hakula nasi. Aliketi akitazama maji. Mkewe, Ruperta, aliponyoka kwenye kapi pale pale, akachukuliwa na mto, mwaka wa mafuriko.

Jumatano, 6 Machi
Siku ya Majivu. Mvua. Kutoka kanisani nikapita kufuta tope kwenye kipimo cha winchi. Chini ya sindano, alama ndogo — ratli. Si kilo!
Mchoro unataka kila nondo ivutwe kwa nyutoni elfu arobaini na tano. Mjomba aligeuza vizuri: nguvu ya kilo elfu nne na mia sita. Akavuta hadi sindano ikasoma hivyo. Lakini kilo moja ni ratli mbili na ushee. Sindano ilipaswa kupita elfu kumi. Hatukufika hata nusu.
Nimerudia hesabu nikiomba niwe nimekosea. Sijakosea. Nitamwambiaje?

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anakunywa maji ya panela, sukari guru ya kwetu. Akauliza kama nina hakika. Ndiyo, mjomba.
"Wangevuka wote kwa pamoja, mwanangu. Na sanamu ya mtakatifu begani." Akaweka kikombe chini.
Nikamwambia sote tuliisoma sindano ile. Sidhani alinisikia.
Fidelina, mwenyekiti wa kamati, alikuja juu. Eti mwamba ni mwamba, tutang'oa wenyewe tulichojenga, na nyama nani ataila. Mjomba akamjibu taratibu: "Basi tangulia wewe, Fidelina. Sisi tutakuangalia." Mama wa watu akanywea.
Sherehe imesimamishwa.

Jumamosi, 9 Machi
Tunavuta upya. Zote zimeshika, imebaki moja, ya kando ya maji. Sindano ilipopita elfu saba nondo ikalia — ufa mwembamba kwenye saruji. Mjomba amefukuza watu wote, na mimi. Nimegoma. Kipimo nasoma mimi.
Ng'ambo wamejipanga ukingoni, Fidelina mbele. Hakuna anayepiga ngoma.
Elfu nane. Kila akivuta ananiuliza, "Ratli?" Ratli, mjomba.
Elfu nane na mia tano. Ufa umerefuka, kiasi cha kidole. Naandika haya amekaa akivuta pumzi, mkono haujatoka kwenye mpini. Anasema kama ni kung'oka, ing'oke leo, akiwa peke yake.
Nimemwambia tuko wawili.
Kajifuta mikono kwenye suruali, kainuka, kaushika tena mpini.